Kumbukumbu Bado Nzuri? Vidokezo 13 kwa Anayetaka Kujitolea kwenye Utafiti wa Kuzuia Alzheimer

Ukoo mkubwa haukosi mzee wa namna hii. Anauliza "umekula?" mara tatu ndani ya robo saa. Anaficha funguo, kisha anamshuku dada wa kazi. Anatoka kwenda msikitini au kanisani alikoswali au kusali maisha yake yote, na anarudishwa nyumbani na kijana wa bodaboda aliyemkuta kasimama njia panda. Ndugu wanasema ni uzee. Wengine wananong'ona kwamba amerogwa. Mara nyingi ni dimenshia, na chanzo chake kikubwa ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao unabeba kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimenshia, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Habari ya kutia moyo ni kwamba ugonjwa huu huja taratibu sana. Protini mbili, amiloidi na tau, huanza kurundikana kwenye ubongo miaka 15 hadi 20 kabla mtu hajasahau chochote. Miaka hiyo ya ukimya ndiyo nafasi ya kuuzuia. Ndiyo maana watafiti wa Marekani, Ulaya, Japani na Australia wanawatafuta watu wa makamo na wazee ambao bado hawaumwi. Watu hao wasipokubali, hakuna dawa wala mlo utakaothibitishwa kwamba unazuia. Wasemaji wa Kiswahili walioko ughaibuni wanaweza kushiriki sasa hivi, na walioko nyumbani milango yao imeanza kufunguka. Kama unafikiria kujitolea, au unataka kumshauri mama, shangazi au mjomba, soma haya kwanza ili uingie macho wazi.

1. Usingoje uanze kusahau

Wengi hudhani utafiti wa Alzheimer ni wa wagonjwa tu. Kwenye tafiti za kuzuia, ukishaanza kupotea njia umechelewa kujiunga. Utafiti wa A4, ulioanza mwaka 2014 ukiongozwa na Dkt. Reisa Sperling wa Hospitali ya Brigham and Women's mjini Boston, uliwachukua watu wa miaka 65 hadi 85 ambao kumbukumbu zao zilikuwa za kawaida lakini walikuwa na amiloidi nyingi kwenye ubongo. Utafiti wa AHEAD 3-45, ulioanza 2020 kwa dawa ya lecanemab, ulishuka hadi watu wa miaka 55. Basi kama una miaka 57, unaendesha gari, unakwenda kazini na unakumbuka namba za simu za wanao wote, watu kama wewe ndio wanaotafutwa. Na kama uliwahi kumuuguza mzazi au ndugu wa damu mwenye ugonjwa huu, lifikirie jambo hili kwa uzito zaidi, kwa kuwa historia hiyo ya familia huongeza uwezekano wa kuupata.

2. Jua aina tatu za utafiti, uchague inayokufaa

Aina ya kwanza ni ya dawa: sindano, vidonge au dripu, na vipimo vingi. Aina ya pili ni ya mtindo wa maisha. Huko Finland, Profesa Miia Kivipelto na wenzake waliwachukua watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77 katika utafiti ulioitwa FINGER. Nusu yao walifuata kwa miaka miwili mpango wa mlo, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na ufuatiliaji wa presha na sukari. Matokeo yalitoka mwaka 2015: waliofuata mpango walifanya vizuri zaidi kwenye mitihani ya akili kuliko wale waliopewa ushauri wa kawaida. Marekani nao walifanya wa kwao, U.S. POINTER, wenye washiriki 2,111. Matokeo yake ya mwaka 2025 yalionyesha kwamba makundi yote mawili yalipiga hatua, ila waliokutana mara kwa mara na kusimamiwa kwa karibu walipiga hatua kubwa zaidi.

Aina ya tatu ni ya uchunguzi tu: hupewi dawa, unapimwa na kuulizwa maswali kila baada ya muda. Kama dripu inakutisha, anzia hapa au kwenye mtindo wa maisha. Mchango wako utahesabika vilevile.

3. Anzia kwenye orodha rasmi

Tangazo lililotumwa mara elfu kwenye WhatsApp si pa kuanzia. Kwa aliyeko Marekani, tovuti ya serikali ya ClinicalTrials.gov inaorodhesha tafiti kwa ugonjwa, mji na umri, na kila moja ina namba ya usajili inayoanza na herufi NCT. Chama cha Alzheimer cha huko kina huduma ya TrialMatch, na APT Webstudy inakuwezesha kufanya mitihani mifupi ya kumbukumbu ukiwa nyumbani kwako. Uingereza kuna Join Dementia Research: unajiandikisha mara moja, kisha unatafutwa utafiti unaokufaa unapopatikana.

Barani Afrika kuna Pan African Clinical Trials Registry, yenye makao Cape Town. Nchini Tanzania, uliza kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na kama ni utafiti wa dawa, kibali cha TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Kenya, majaribio ya dawa hupitia Pharmacy and Poisons Board pamoja na kamati ya maadili iliyosajiliwa. Halafu shika kanuni hii: ukiombwa pesa ili uandikishwe, shukuru uondoke.

4. Ukichujwa, usivunjike moyo

Mchujo ni mkali, na kuchujwa hakumaanishi una kasoro. Angalia A4. Walioanza mchujo walikuwa zaidi ya 6,700. Waliofika kwenye kipimo cha PET, kinachoonyesha amiloidi kwenye ubongo, walikuwa 4,486. Waliokutwa na kiwango kilichotakiwa ni 1,323, na mwishowe walioingia ni 1,169. Wengi waliachwa kwa sababu ubongo wao haukuwa na amiloidi ya kutosha, na hiyo kwa mwenyewe ni habari njema. Baadhi yao walialikwa kwenye utafiti dada ulioitwa LEARN, ili watafiti wawalinganishe na wenzao.

Sababu nyingine za kuachwa ni za kawaida kabisa: una betri ya moyo isiyoruhusu kipimo cha MRI, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, una saratani inayotibiwa, au una sonona ambayo haijatulia. Siku hizi baadhi ya tafiti huanza na kipimo cha damu cha p-tau217, ambacho huwaepushia wengi safari na gharama ya PET. Ukikataliwa kwenye utafiti mmoja, omba jina lako libaki kwenye orodha. Unaofuata huenda ukawa na vigezo tofauti.

5. Amua mapema: unataka kujua, au hutaki?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na wengi hulikuta wakiwa tayari kwenye kiti cha daktari. Katika tafiti nyingi, ukikubaliwa unakuwa umejua kwamba una amiloidi. Huenda pia ukaambiwa kama umebeba jeni ya APOE4, inayoongeza hatari ya ugonjwa. Kuwa na amiloidi au APOE4 hakumaanishi kwamba lazima utaugua. Wapo wengi wanaozeeka navyo na akili zao zikabaki timamu. Tena ujuzi wetu kuhusu APOE4 umetokana zaidi na watu wenye asili ya Ulaya. Watafiti waliowalinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Waamerika Weusi wa Indianapolis walikuta kwamba kasi ya Alzheimer huko Ibadan haikufika nusu ya ile ya Indianapolis, na uhusiano wa jeni hiyo na ugonjwa miongoni mwa Wayoruba umeonekana kuwa dhaifu zaidi. Hatutajua zaidi mpaka watu wetu wengi zaidi wapimwe.

Jiulize basi: nikijua, nitalala? Nitamwambia nani? Jeni ni ya ukoo, kwa hiyo majibu yako yanawagusa watoto na ndugu zako pia. Marekani ina sheria ya mwaka 2008 inayokataza bima ya afya na mwajiri kukubagua kwa sababu ya jeni, lakini sheria hiyo haigusi bima ya maisha wala bima ya matunzo ya uzeeni. Kama unapanga kukata bima hizo, pata ushauri kabla ya kupimwa.

Na kama hutaki kujua, sema. Kule Antioquia, Kolombia, kuna koo zilizobeba badiliko la jeni linaloleta ugonjwa huu mtu akiwa bado na miaka arobaini na kitu. Dkt. Francisco Lopera aliwafuatilia kwa miongo kadhaa, mpaka alipofariki mwaka 2024. Jaribio la dawa la crenezumab lililoanza huko 2013 liliwachukua watu 252, na liliwaingiza pia ndugu wasiobeba jeni hiyo, ambao wote walipewa plasebo, yaani dawa bandia. Kwa mpango huo, mtu aliweza kushiriki bila yeye mwenyewe kujua amebeba nini. Utafiti mzuri huheshimu haki ya kutojua.

6. Tafuta mwenza wa utafiti

Karibu kila jaribio litakuomba uje na mtu anayekufahamu vizuri, mnayewasiliana walau kila wiki. Kazi yake ni kujibu maswali ambayo wewe huwezi kujijibia: je, bado unapanga bajeti ya nyumba? Umeanza kurudiarudia habari ileile? Umeacha kupika chakula ulichokuwa hodari nacho? Mwenza si lazima awe mume au mke. Mtoto mkubwa, dada, jirani wa miaka mingi au mwenzako wa kwaya anafaa. Uliza tu kama mahojiano yake yanaweza kufanyika kwa simu, ili asilazimike kuomba ruhusa kazini kila mara.

Chagua mtu mwenye ujasiri wa kusema kweli. Malezi yetu yanatufundisha kutomwaibisha mzee, na kijana anaweza kusema "mama yuko sawa kabisa" kwa heshima tu. Mweleze mapema kwamba ukweli wake ndiyo heshima anayokupa.

7. Isome fomu ya ridhaa kama mkataba wa kununua kiwanja

Hutii sahihi ya kiwanja ukiwa umesimama, na fomu hii vilevile. Huenda ikawa na kurasa nyingi. Ichukue nyumbani, mpe mtoto aliyesoma au ndugu muuguzi aipitie, lala nayo, kisha rudi na maswali uliyoyaandika. Maswali ya kuanzia ni haya:

– Dawa hii imeshapimwa kwa watu wangapi, na walipatwa na nini?
– Nani anagharimia utafiti?
– Nikidhurika, nani atalipa matibabu yangu, na kwa muda gani?
– Damu yangu na picha za ubongo wangu zitatunzwa wapi, na nani atazitumia?
– Nitapewa majibu yapi, na yapi nitanyimwa?
– Dawa ikifaulu, nitaipata baada ya utafiti kuisha?
– Nikianza kupoteza kumbukumbu katikati ya utafiti, nani atakuwa na haki ya kuniamulia?

Kama Kiingereza kinakupa tabu, omba mkalimani wa kazi hiyo. Usimwachie mjukuu atafsiri mambo ya madhara. Na sahihi yako haikufungi: una haki ya kujitoa siku yoyote, bila kutoa sababu, na bila kupoteza matibabu yako ya kawaida. Kama utajitoa kwenye jaribio la dawa, waarifu watafiti ili wakufanyie vipimo vya mwisho vya usalama.

8. Uliza madhara bila haya

Dawa za kuondoa amiloidi zinaweza kuleta uvimbe au damu kuvuja kidogo kwenye ubongo. Wataalamu huita hali hiyo ARIA. Katika jaribio kubwa la lecanemab kwa watu 1,795 waliokuwa wameanza kuugua, uvimbe huo ulionekana kwa asilimia 12.6 ya waliopewa dawa, na kwa asilimia 1.7 ya waliopewa plasebo. Kwa waliobeba nakala mbili za APOE4 ilikuwa karibu mmoja kati ya watatu. Wengi hawakuhisi chochote, MRI ndiyo iliyouona. Lakini kwa wachache hali huwa nzito, na vifo vimewahi kutokea. Kwa hiyo usikose miadi ya MRI, na ukiumwa kichwa kikali, ukiona ukungu machoni au ukichanganyikiwa, piga simu siku hiyohiyo. Ukienda hospitali nyingine kwa dharura, onyesha kadi ya utafiti kabla hujapewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda.

Pia fahamu kwamba dawa inaweza kufanya kinyume cha ilivyotarajiwa. Mwaka 2019 majaribio ya kuzuia kwa kidonge cha umibecestat yalisimamishwa baada ya waliokitumia kuanza kufanya vibaya zaidi kidogo kwenye mitihani ya kumbukumbu. Tatizo hilo lilirudi nyuma baada ya kuacha kidonge. Lilionekana kwa sababu kila jaribio kubwa lina kamati huru inayochungulia takwimu wakati wengine wote wamefumbwa macho, na ina uwezo wa kupendekeza kazi isimame. Uliza kama jaribio lako lina kamati hiyo, na hukutana kila baada ya muda gani.

9. Kubali kwamba huenda usipewe dawa

Plasebo ni kitu kinachofanana na dawa kwa kila hali ila hakina dawa ndani. Kompyuta ndiyo inayogawa watu, na wewe wala daktari anayekuhudumia hamjui nani kapata nini. Wengine husema wamepotezewa muda. Hapana. Bila kundi hilo hakuna njia ya kujua kama dawa imefanya kazi, au kama watu wangekuwa vilevile hata bila dawa.

Jiandae pia kwa matokeo yasiyopendeza. Washiriki wa A4 walipewa dripu kila baada ya wiki nne kwa takribani miaka minne na nusu, na mwezi Machi 2023 ikatangazwa kwamba dawa waliyokuwa wakijaribu, solanezumab, haikupunguza kasi ya kushuka kwa kumbukumbu. Ile crenezumab ya Kolombia nayo haikufaulu. Hata hivyo takwimu za A4, zilizowekwa wazi kwa watafiti wengine, zimefundisha mengi kuhusu namna amiloidi inavyotangulia usahaulifu, na damu iliyohifadhiwa ya washiriki imesaidia kuvielewa vipimo vya damu vinavyotumika leo. Jiunge kwa sababu swali linastahili jibu. Ukijiunga kwa kutegemea kupona, utaumia moyo.

10. Piga hesabu ya muda, nauli na safari za nyumbani

Mwaka wa kwanza ndio wenye kazi nyingi. Siku ya PET unadungwa dawa yenye mionzi kidogo mshipani, unangoja karibu saa nzima, kisha unalala chali kwenye kitanda chembamba kinachoingizwa katikati ya mashine, kichwa kikiwa kimeegemezwa kisitikisike, kwa dakika kama ishirini. Hakuna maumivu zaidi ya ile sindano. Siku ya mitihani ya akili, mtaalamu anakusomea hadithi fupi na unairudia. Baada ya kama nusu saa ya shughuli nyingine anakuomba uisimulie tena. Unapewa tarakimu na alama zake, unaoanisha haraka mpaka muda uishe. Mitihani imetungwa iwe migumu, hata vijana huikosa. Kama Kiswahili ndiyo lugha unayofikiria, sema kabla ya kuanza, kwa kuwa mtihani wa Kiingereza unaweza kukuonyesha dhaifu kuliko ulivyo. Na uvae miwani na mashine ya kusikia kama unavyo.

Uliza kuhusu nauli, maegesho, chakula na fidia ya muda wako. Kama unafunga Ramadhani, taja mapema ili siku za damu na dripu zipangwe vizuri. Na kama kila mwaka unakwenda Mombasa, Moshi au Bujumbura kwa miezi mitatu, sema siku ya kwanza kabisa. Dripu ya kila mwezi haikungoji, na mshiriki anayepotea katikati anaacha pengo ambalo takwimu haziwezi kuziba.

11. Usiifiche hofu ya historia, iulizie

Watu weusi wana sababu ya kuogopa. Kuanzia 1932 hadi 1972, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 600 huko Tuskegee, Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende. Hawakuambiwa ukweli, na hata penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida hawakupewa. Uovu huo ulipofichuliwa, Marekani ilitunga sheria mwaka 1974, na kamati za maadili zinazopitia tafiti zikapata nguvu ya kisheria.

Kwa hiyo muulize mtafiti usoni: kamati gani imeupitisha utafiti huu, na nampigia nani simu nikiwa na malalamiko? Jina na namba ya kamati lazima viwe kwenye fomu. Mtafiti mwaminifu hatakasirika. Lakini baada ya kuuliza na kuridhika, fikiria pia hasara ya kukaa pembeni. Wazee Waamerika Weusi wana uwezekano karibu mara mbili wa kupata Alzheimer kuliko Wazungu wa rika lao, ilhali ni wachache mno katika majaribio ya dawa. Dawa isiyojaribiwa kwetu itakuja kutumiwa kwetu kwa kubahatisha, na watakaobahatishwa ni watoto wetu wakifika uzee.

12. Kama uko Afrika Mashariki, anzia karibu

Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, inajulikana na watafiti wa dimenshia duniani kote. Uchunguzi uliofanywa huko ukahusisha wazee wa miaka 70 na kuendelea ulikuta kwamba asilimia 6.4 wana dimenshia, kiwango kinachokaribia cha nchi tajiri. Huko Hai, wakishirikiana na wenzao wa Nigeria, wataalamu walitengeneza kipimo cha IDEA kinachomfaa hata mzee asiyewahi kushika kalamu. Mzee anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anaeleza daraja ni kitu gani, anakumbuka orodha ya maneno aliyosomewa, na anapanga njiti za kiberiti kwa mchoro aliouona. Bibi aliyelima kahawa maisha yake yote anapimwa akili yake, na shule haiingii hapo. Wazee wa Hai pia walishiriki jaribio la tiba ya vikundi ya kuchangamsha akili. Kila mmoja wao alijitolea, na kazi yao inatumika mbali na Kilimanjaro.

Nairobi, Chuo Kikuu cha Aga Khan kina taasisi ya ubongo na akili, na kinashiriki mradi wa AFRICA-FINGERS unaoleta mtindo ule wa Finland katika mazingira ya Kiafrika. Shirika la Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya, lililoanzishwa na Elizabeth Mutunga, linazisaidia familia na ni mahali pazuri pa kuulizia. Ukisikia utafiti wa afya ya wazee unapita kijijini kwenu, mpeleke babu, kaa naye, uliza maswali ya kidokezo cha 7.

13. Utunze ubongo wako huku ukisubiri

Huhitaji kukubaliwa kwenye utafiti ili uanze kujikinga. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari, na kukadiria kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa yakishughulikiwa. Yamo presha, kisukari, lehemu mbaya, uvutaji sigara, pombe kupita kiasi, unene, kutofanya mazoezi, sonona, upweke, majeraha ya kichwa, hewa chafu, elimu ndogo, na kupungua kwa kusikia na kuona bila kutibiwa. Utafiti wa SPRINT MIND wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kushusha namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 kulipunguza idadi ya watu walioanza kupungukiwa kumbukumbu. Wewe usijishushie mwenyewe kwa vidonge vya jirani, ongea na daktari wako. Pima presha mwezi huu. Vaa kofia ngumu kwenye bodaboda. Pimwa masikio na macho. Mtembelee mtu.

Vidonge vya presha unavyomeza leo vilijaribiwa kwanza na watu usiowajua, waliokubali kudungwa, kupimwa na kuulizwa maswali, na wengi wao hawakufaidika wao wenyewe. Alzheimer inahitaji watu wa namna hiyo sasa, na wenye ngozi, lugha na maisha kama yetu wanahitajika kuliko wengine kwa sababu ndio waliokosekana. Kwa hiyo wiki hii fanya mambo mawili. Fungua orodha moja rasmi ya nchi uliyopo, usome utafiti mmoja mpaka mwisho. Kisha mpigie yule unayetaka awe mwenza wako, umwambie unafikiria nini. Uamuzi wa kusema ndiyo au hapana utabaki wako, na ukiwa umeuliza yote haya, wowote utakaochagua utakuwa wa mtu anayejua.